Kabla ya Kumwita Mchawi, Tuulize Shamba ni la Nani

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hao hao walinena pia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali ya kwanza tunaifundisha darasani na kuwataka wanafunzi waiandikie insha. Ya pili tunaitumia matangani, kwa sauti ya chini, tunapomtafuta wa kulaumiwa. Makala haya yanawahusu wanawake wazee ambao hulala wakiwa wa methali ya kwanza na kuamka wakiwa wa methali ya pili, bila ya wao wenyewe kubadilika kwa lolote.

Nilikuwa Ronge kwa mazishi ya jamaa yangu, kijana aliyeugua muda mfupi akafariki. Kwa msomaji asiyepafahamu, Ronge ni sehemu ya milima ya Taita, upande wa Mwatate. Ipo Ronge Juu, penye baridi na vishamba vilivyobanana mteremkoni, na ipo Ronge Nyika, chini, penye joto, mvua haba na ndovu wanaotoka mbuga ya Tsavo. Katika matanga hayo, mjane mmoja mzee, jirani wa marehemu, alileta chai kama ilivyo desturi yetu ya kusaidiana wakati wa msiba. Watu walikunywa chai ya jiko kuu hadi ikaisha. Ya yule mama haikuguswa. Nilipounyosha mkono, mwalimu mmoja aliyeketi kando yangu aliniinamia na kuninong'oneza, "Hiyo iache, Daktari. Yule mama hasemwi vizuri."

Nakiri hapa hadharani kwamba mkono wangu ulisita. Miaka yangu yote ya masomo haikuuzuia kusita. Baadaye jioni, mtu mwingine kabisa, katika mazungumzo mengine kabisa, alinieleza kwamba wapwa wa marehemu mume wa yule mama wanakitaka kipande cha ardhi anachokilima, kwa kuwa kiko karibu na barabara na kimeanza kuulizwa na wanunuzi. Hati miliki ingali katika jina la baba mkwe, ambaye naye alikwisha kufariki zamani. Sidai kwamba wapwa hao ndio walioanzisha uvumi. Ninachosema ni kwamba habari hizo mbili zilisimuliwa siku moja, katika ua mmoja, na hakuna aliyeziunganisha.

Kazi yangu ni isimu, basi na nianze na neno lenyewe. Ngeli ya watu katika Kiswahili haibagui mke na mume. Tukisema mchawi, hatujasema mwanamke wala mwanamume. Mlozi vivyo hivyo, na neno hili lina ukoo mkubwa: Wakikuyu husema murogi, Waganda husema mulogo, Wasukuma husema nogi, na Wakamba, ambao lugha yao huidondosha konsonanti hiyo ya zamani, husema muoi. Wamijikenda wana mutsai, na kwetu Taita husemwa wusavi. Neno linaloenea hivyo katika lugha nyingi za Kibantu ni neno kongwe. Lilikuwako kabla ya sarafu, kabla ya kodi na kabla ya hati miliki. Kwa hiyo asije mtu akatwambia kwamba imani ya uchawi ililetwa na ubepari. Haikuletwa nao. Lakini ikiwa neno ni la zamani na halina jinsia, ni kwa nini leo katika sehemu nyingi likitamkwa macho yote humgeukia mwanamke mzee? Jibu halimo katika sarufi. Inatubidi tulitafute katika historia.

Swali hili limeulizwa kuhusu Ulaya pia. Kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wanaokadiriwa kuwa baina ya 40,000 na 60,000 waliuawa huko kwa hukumu za uchawi, na takriban robo tatu yao walikuwa wanawake. Wasomaji wengi hudhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya zama za giza. La hasha. Yalishika kasi wakati uchapaji wa vitabu ulipokuwa umeenea, merikebu zilipokuwa zikivuka bahari kutafuta mali, na wenye nguvu walipokuwa wakizizungushia ua ardhi ambazo hapo awali wanakijiji wote walizitumia kwa malisho na kuni.

Mwaka 2004, Silvia Federici, mwanazuoni mzaliwa wa Italia aliyefundisha kwa miaka mingi Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho Caliban and the Witch. Hoja yake ni kwamba mambo haya mawili, kuzungushiwa ua kwa ardhi na kuchomwa kwa wanawake, yalikuwa na mzizi mmoja. Mwanamke maskini ndiye aliyeitegemea zaidi ardhi ya wote, kwa kuwa hakuwa na yake. Ilipochukuliwa, alibaki bila njia. Tena alikuwa na ujuzi wa dawa na wa uzazi ambao mfumo mpya haukupenda ubaki mikononi mwake, maana mfumo huo ulihitaji vibarua wengi, na mwili wa mwanamke ukageuzwa kuwa kiwanda cha kuwazalisha. Kumwita mchawi, asema Federici, kulikuwa njia ya kumvunja nguvu na kuwatia hofu wenzake.

Hoja hii ina mvuto mkubwa, na wanafunzi wangu wakiisoma huipenda mno. Mimi huwaambia waipende kwa tahadhari. Uingereza, ambako ubepari ulikomaa mapema, iliwaua watu wachache kwa kulinganisha, wakati majimbo ya Ujerumani, ambako ubepari wa aina hiyo ulichelewa, yaliua maelfu kwa maelfu. Wanahistoria wengi wamelitaja jambo hili, nami naona wana haki. Nadharia moja haifungui kila mlango.

Hata hivyo, kuna jambo dogo ambalo wanahistoria wawili wa Kiingereza, Alan Macfarlane na Keith Thomas, waliligundua katika kumbukumbu za mahakama na kulichapisha mwaka 1970 na 1971. Waliona kwamba katika kesi nyingi, hasa za eneo la Essex, mshtakiwa alikuwa kikongwe maskini aliyekwenda kwa jirani kuomba maziwa au chakula kidogo, akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Baadaye ndama akafa au mtoto akaugua. Jirani akaikumbuka ile nung'uniko, akajua moyoni mwake kwamba amevunja desturi ya zamani ya kusaidiana, na dhamiri ikamsuta. Badala ya kuikiri hatia yake, aliigeuza kuwa hatia ya yule aliyemnyima. Msomaji mpenzi, sihitaji kusafiri hadi Essex kuifahamu habari hii. Nimeiona katika chai iliyoachwa ikapoa.

Hebu sasa tuitazame Taita yenyewe. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi katika milima yetu mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba kiini cha dini ya wazee wetu kilikuwa hasira ya moyoni. Mzee aliyekasirishwa aliweza kuleta maradhi hata asipotaka, na dawa yake ilikuwa kutasa: mwenye hasira alipuliza pombe au maji ya muwa kutoka kinywani huku akitamka maneno ya baraka, ili hasira itoke na uhusiano urejee. Sitaki kuipaka rangi enzi hiyo. Msavi aliogopwa na aliweza kuadhibiwa vikali. Lakini angalau palikuwapo njia ambayo mzee anayeshukiwa kuwa na kinyongo aliombwa arudi katika jamii, asifukuzwe humo. Kwa kumwomba atoe hasira, watu walikiri kwamba huenda ana sababu ya kukasirika.

Kisha mambo yakabadilika kwa haraka. Reli ilipita Voi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Ikaja kodi ya nyumba, ambayo haikulipwa kwa mahindi wala kwa mbuzi bali kwa fedha, na fedha zilipatikana kwa kufanya kibarua. Ardhi ya nyanda za chini ikatolewa kwa walowezi, na mkonge ukapandwa Mwatate. Mwaka 1939 Wataita waliunda chama chao, Taita Hills Association, kupinga kunyang'anywa ardhi na kupunguziwa mifugo. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku na kumweka kizuizini kiongozi wake, Woresha Mengo. Mwaka 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo, ambayo hadi leo inachukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu. Watu waliozoea kuwa na shamba mlimani na jingine nyikani, ili mvua ikikosa huku ipatikane kule, walijikuta wamebanwa.

Wanaume walikwenda Mombasa na Nairobi kutafuta fedha. Wanawake walibaki na jembe. Na hapa ndipo palipotokea jambo ambalo Harris alilichapisha mwaka 1957, nalo ni saka. Wanawake walioolewa, na katika sehemu fulani idadi yao ilikuwa kubwa mno, walikuwa wakipagawa, wakitetemeka na kupoteza fahamu. Kilichowachochea kilikuwa mara nyingi kitu cha dukani au cha ugenini: sukari, nguo, sigara, mlio wa gari. Mume alilazimika kukitafuta kile kitu au kugharimia ngoma ya kumtuliza. Wazungu waliona kichaa, na wanaume wengi waliona hila. Mimi naona hesabu. Mwanamke alilima chakula cha nyumba nzima, lakini hakurithi ardhi, hakuuza ng'ombe, na fedha zilipoingia nyumbani ziliingia kupitia mfuko wa mumewe. Ulimwengu mpya wa vitu vya kununuliwa ulikuwa umefunguliwa mbele ya macho yake na kufungwa mbele ya mikono yake. Mwili wake ulisema kile ambacho ulimi haukuruhusiwa kukisema.

Baada ya hapo ikaja hati miliki. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, ulikusudia kumpa mkulima uhakika wa shamba lake ili aweze kuliendeleza na kuliwekea mkopo. Nia hiyo ilikuwa na manufaa yake. Lakini haki ambazo zilikuwa zimesukana katika kipande kimoja cha ardhi, ya huyu kulima, ya yule kuchunga, ya mjane kukaa hadi kufa kwake, ziliandikwa katika karatasi moja kwa jina moja, na jina hilo aghalabu lilikuwa la mwanamume. Kwa desturi mjane hakuwa na uwezo wa kuuza shamba la mumewe, lakini pia hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kumwondoa, kwa kuwa shamba halikuwa bidhaa. Lilipokuwa bidhaa, mjane akawa kizuizi. Kila mwaka anaoishi ni mwaka ambao kipande kile hakiuziki. Hii ndiyo maana ya ua, hata pale ambapo hapana mti wala waya uliosimamishwa.

Nisieleweke vibaya. Kuna ushahidi unaoipinga hoja iliyo nyepesi, nao lazima tuutazame. Mtafiti wa Tanzania, Simeon Mesaki, ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika visa vinavyohusiana na uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ilikuwa Usukumani, ambako macho mekundu ya kikongwe yalichukuliwa kuwa ushahidi, ilhali ni moshi wa jikoni uliomfanya awe hivyo maishani mwake mwote. Sasa, Tanzania ya miaka hiyo ilifuata Ujamaa. Hakuna anayeweza kuilaumu benki wala hati miliki kwa yote hayo. Lakini ilikuwa pia miaka ya kuwahamisha watu waliokuwa wametawanyika na kuwakusanya vijijini, wakawa majirani kwa amri. Funzo ninalolipata hapo ni pana kuliko neno ubepari: mahali popote ambapo mipaka ya ardhi na ya ujirani inachorwa upya kwa haraka, mtu asiye na mtetezi ndiye anayechorwa nje ya mstari.

Edward Miguel, mtaalamu wa uchumi kutoka Marekani, alichunguza wilaya ya Meatu katika eneo hilo hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua iliyopita kiasi, yaani ukame au mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na aghalabu wauaji walikuwa jamaa zao. Ikiwa uchawi ndio chanzo, mbona wachawi wasubiri mwaka wa njaa? Ni wazi kwamba kinachosubiri mwaka wa njaa ni uchungu wa kugawana sahani.

Pingamizi la pili liko karibu nasi zaidi. Katika kaunti za Kilifi na Kwale, wanaouawa kwa jina la uchawi si wanawake pekee. Wazee wa kiume wameuawa wengi, hata ikaripotiwa kwamba baadhi yao huzipaka rangi nyeusi nywele zao ili mvi zisionekane. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambacho kimekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao. Je, hili linaivunja hoja ya kuonewa kwa wanawake? Kwa maoni yangu linaifafanua. Pwani, ardhi nyingi ya ukoo haijagawanywa, na mzee wa kiume ndiye mwenye kauli ya mwisho juu yake. Anasimama palepale ambapo kwingineko anasimama mjane: baina ya shamba na mwenye kulitaka. Tofauti ni kwamba mwanamume hufikishwa hapo na mamlaka yake, na mwanamke hufikishwa hapo na unyonge wake. Mwanamume anashukiwa kwa kile alichonacho. Mwanamke anashukiwa hata kwa kile anachokilima tu.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao vikongwe, walichomwa moto hadi kufa huko Kisii. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa namna hiyo hiyo huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Julai, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio la kulaani mateso yanayotokana na tuhuma za uchawi. Azimio lilipita Geneva, na miezi mitatu baadaye moto ukawashwa Marani.

Na sheria yetu je? Tunayo, na ni kongwe. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1925 inamwadhibu anayejidai kuwa mchawi, lakini pia inamwadhibu anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi mbele ya mtu asiye na mamlaka. Watu wengi hawaijui sehemu hii ya pili. Wanaijua ile ya kwanza tu. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumwua mwanamke waliyemwita mchawi. Hukumu ya kunyongwa haikutekelezwa, na kesi ile ikazua mjadala mkubwa hadi Uingereza. Waingereza walijadili tabia za Waafrika, na Waafrika wakajadili ujinga wa Waingereza wasioamini uchawi. Mwanamke aliyeuawa alisahauliwa na pande zote mbili.

Serikali inaposhindwa kuwaondolea watu hofu, watu hujitafutia mwondoaji. Mwaka 1998, wakazi wa milima ya Taita walimwalika mtambuzi wa wachawi kutoka Tanzania aliyejulikana kwa jina la Maji Marefu, wakamlipia gharama zake. James Howard Smith, aliyekuwa akifanya utafiti huko na aliyechapisha kitabu juu ya jambo hili mwaka 2008, alieleza kwamba watu waliliona hilo kama sehemu ya maendeleo: miradi imekwama, vijana hawana kazi, shule zinadidimia, basi lazima kuna mtu anayevirudisha nyuma. Ninawaelewa. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya kupunguzwa wafanyakazi na ya kulipia hospitali. Nguvu zilizokuwa zikiwabana zilikuwa katika ofisi ambazo hawangeweza kuzifikia. Mchawi alikuwa wa jirani, na jirani hufikika.

Najua swali ambalo baadhi ya wasomaji wanaliandaa. Je, mwandishi anadai kwamba uchawi haupo? Sitajificha: mimi siamini kwamba chai ya yule mama inaweza kumdhuru mtu. Lakini hoja yangu haimtaki msomaji anifuate hadi hapo. Ninamtaka anayeamini aitumie akili ile ile anayoitumia sokoni. Mtu akikwambia ng'ombe huyu ni mgonjwa, nawe unajua kwamba msemaji anataka kumnunua kwa bei ya chini, je, hutamtazama ng'ombe mwenyewe kwanza? Basi mtu akikwambia mama huyu ni mchawi, uliza: ni nani aliyesema kwanza, alisema lini, na mama huyu akiondoka ni nani atakayelima shamba lake msimu ujao? Maswali hayo matatu hayamtukani anayeamini wala hayamdhihaki aliyefiwa. Uchungu wa aliyefiwa ni wa kweli, na hasa pale ambapo hospitali ilikuwa mbali au daktari hakueleza chochote, ana haki ya kuuliza kwa nini. Hana haki ya kumkabidhi jirani yake jibu.

Nawageukia sasa walimu, kwa maana makala haya nimewaandikia wao kwanza. Aliyeninong'oneza pale matangani alikuwa mmoja wetu. Mwalimu kijijini si mtu wa kawaida. Akirudia uvumi, uvumi unapata cheti. Tena tuvitazame vitabu na hadithi tunazowasomea watoto. Ajuza katika ngano zetu ana meno yaliyong'oka, anaishi peke yake pembeni mwa msitu, na hula watoto. Sisemi tuzichome ngano. Nimezipenda tangu utotoni na ni urithi wetu. Nasema tumwulize mwanafunzi: kwa nini huyu anaishi peke yake? Watoto wake wako wapi? Shamba lake limekwenda wapi? Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyajibu maswali hayo vizuri kuliko tunavyodhani. Na anapoandika katika insha kwamba "kulikuwa na kikongwe mchawi", tusimkosoe tahajia tu.

Pili, tuisome sheria na kuwasomea wengine. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamlinda mjane aishi na kuitumia mali ya mumewe maisha yake yote. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inawahakikishia wazee maisha ya heshima bila kudhulumiwa, na katika ibara ya 60 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mambo ya ardhi. Maneno hayo hayamsaidii mjane ambaye hati bado ina jina la baba mkwe na ambaye hajui aanzie ofisi gani. Mwalimu anajua kuandika barua. Anaweza kufuatana na mjane hadi kwa chifu kuchukua barua ya utambulisho, na kumweleza hatua zinazofuata hadi mahakamani. Mirathi ikishafunguliwa kisheria na jina la mjane likaandikwa, uvumi hupoteza faida yake, na uvumi usio na faida haukai sana.

Kwenu wanafunzi wa vyuo nina neno moja. Msiridhike na kujifunza nadharia ya Federici kwa ajili ya mtihani, wala msiridhike na kuibomoa kwa ajili ya kusifiwa. Nendeni kwenu mwulize mipaka ya mashamba, mwandike nani alifukuzwa mwaka gani na nani analima pale sasa. Kazi hiyo haijafanywa ya kutosha katika milima ya Taita, na wazee wanaoikumbuka historia hiyo hawatatungoja.

Yule mama wa Ronge nilikunywa chai yake hatimaye. Ilikuwa imepoa na sukari ilizidi. Sikufanya ushujaa wowote: mimi nilikuwa mgeni wa siku mbili, mwenye gari la kunirudisha mjini. Aliketi karibu nami akaniuliza habari za masomo na za watoto, kama afanyavyo mzee yeyote. Nilipoondoka, kikombe changu kilikuwa peke yake katika sinia lake. Laiti mwalimu yule angechukua cha pili, watu wengine watatu wangechukua vyao kabla ya jua kuchwa. Heshima ya mwalimu kijijini ingali na nguvu hiyo. Tumeombwa kidogo sana, nasi tusione tabu kukitoa.